Nilidai Kusalimiwa

Wasomaji, nichekeni tu. Mimi ni mwalimu wa wasichana hapa Kinampanda, nimetoka chuo kikuu juzi, na kazi yangu ya pili ni kuuliza maswali. Kwenye mkutano wa kijiji nilihoji kwa nini shamba la ujamaa wanaachiwa wanawake kupalilia. Tangu hapo nikaanza kuogopa kwamba nimetengwa. Na wanaume niliongea vizuri, lakini wake zao na watoto walinipita bila shikamoo. Darasani wasichana walinijibu kwa kuchezesha midomo tu, nikajua wananikejeli. Jirani aliponiomba nipunguze redio, nikamwona ndiye mchongezi mkuu.

Usingizi ukanipaa. Mwishowe nikamwita mwenyekiti wa kijiji aje darasani.

"Mzee, watoto hawa wamefundishwa kunidharau. Mimi nataka ushahidi. Nitawapa mgongo ili wasiniogope, kisha kila mmoja anisalimie peke yake."

Nikageukia ubao, nikangoja. Kimya. Nikangoja tena, halafu nikageuka kwa ushindi.

"Umeona, mzee? Hata mbele yako!"

Wasichana walikuwa wamesimama wote, wakinitazama kama mgonjwa. Mmoja alikuwa analia. Mwenyekiti akavua kofia taratibu.

"Mwanangu, wamekusalimu wote, mpaka yule wa mwisho. Tunangoja marahaba yako."

Sauti yake nzito niliisikia vizuri sana. Yake tu; zile nyembamba za wasichana hazikunifikia hata moja.