Rimu ya Kanisani

Juzi nilifika kijijini kwetu, Sengerema, nikakuta ile rimu ya lori bado inaning'inia nje ya kanisa, imeliwa na kutu. Enzi zetu kanisa ndilo lilikuwa darasa, na rimu ilikuwa kengele ya yote mawili. Ikigongwa harakaharaka, ni masomo. Ikigongwa polepole, ni msiba.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, mwalimu mgeni, asiyejua desturi yetu, aliigonga polepole kutuita kwenye kwaya. Mama alikuwa amelazwa Mwanza, ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo kila mtu alijua ni yeye. Kina mama waliacha majembe, wakajaa uani kwetu wakilia. Bibi alinikumbatia, kanga yake ilinuka moshi na dagaa.

"Mama yako ametutoka, mjukuu wangu."

Jioni Mama akatokea kutoka kivukoni, kikapu kichwani. Vilio vikakatika. Mimi nilidhani wafu hurudi hivyo, nikakimbilia chini ya kitanda.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Kina mama walirudi nyuma. Akawatazama watoto waliojaa uani mmoja mmoja, asinione. Akaanza kuliita jina langu. Leo nina wanangu, najua aliwaza nini. Siku ile, kila alipoita, nilizidi kujibanza ukutani.