Hezroni Alipopeleka Mashahidi Ofisi ya Kodi

Mlinzi wa ofisi ya kodi pale Same alipoona gari aina ya Noah limesimama na wazee wanashuka mmoja mmoja na makoti yao ya kanisani, alivua kofia. Akajua ni msiba.

"Poleni sana wazee wangu. Marehemu alikuwa mtumishi wa hapa?"

"Hakuna marehemu," akajibu Hezroni, akijitoa kwenye buti la gari huku magoti yamekufa ganzi. "Hawa ni mashahidi wangu."

Jamani, sitanii. Mtu alikodi gari kutoka Myamba, huko juu milimani, akajaza wazee, akawaleta mjini waje wamtetee kwenye kodi.

Mimi nashona nguo pale sokoni Same, mlango wa pili kutoka kibanda cha Hezroni. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, wiki ile aliyokuwa hali chakula. Akaniambia, "Andika dada, labda itamsaidia mtu. Ila usiwachekeshe watu kwa ajili yangu." Nimejitahidi.

Tuanzie mwanzo.

Hezroni ananunua tangawizi Myamba, ambako ndiko ukweni kwake, anaishusha Same, anauza kwa kilo na kwa gunia. Ni mchapakazi, hilo simnyimi. Ila ana ugonjwa mmoja. Anaogopa karatasi.

Mke wake Koleta alikuwa anakusanya kila risiti na kila kikaratasi cha mauzo, anaweka kwenye kopo la siagi. Hezroni akitaka chai, anafungua lile lile kopo na kuwashia jiko.

"Karatasi zikijaa ndani ndiyo watu wa kodi wanapata pa kukushikia," alikuwa akimwambia mkewe.

Koleta anasonya, anaanza kukusanya upya.

Si hivyo tu. Ukishusha tangawizi kwa barabara kuu kuna geti la ushuru wa mazao. Unalipia gunia, unapewa risiti ya mashine, unapita. Hezroni hapiti. Magunia yake yalikuwa yanashuka kwa bodaboda kwa njia ya panya, kuzunguka mashamba ya watu, na hao bodaboda walikuwa wanamla pesa kuliko ushuru wenyewe!

Nikamuuliza, sasa faida iko wapi hapo?

"Dada, hapa si suala la faida. Ni msimamo."

Mimi ni Mpare kama yeye, ninayo ruhusa ya kusema. Hiyo misimamo yetu ipo siku itatuua.

Sasa mwaka jana Koleta akaugua. Akafanyiwa operesheni Moshi, ikaleta matatizo, akarudishwa tena hospitali. Hezroni akafunga kibanda, akawa mtu wa kulala kwenye mabenchi ya wodi. Kufuli lilikaa mlangoni mpaka likashika kutu. Alivyofungua tena, msimu wa tangawizi ulikuwa umeshakwisha, akaambulia magunia ya kuhesabika.

Kwa hiyo elewa hili vizuri, maana ndilo linaloniuma mimi. Hezroni mwaka ule hakuwa na kitu, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Kufika mwaka huu, makadirio ya kodi yakaja na kiwango kile kile cha mwaka wa neema. Akachoka. Asipolipa, hapati karatasi ya kuonyesha hadaiwi. Bila hiyo leseni haihuishwi, na bila leseni kibanda kinaenda. Tena kulikuwa na muuza mitumba ameshaanza kupita pale mbele anapima upana kwa macho.

Kibanda ndicho kinachomlisha yeye, mke na mtoto wao Agape. Hana kingine.

Mtu mwingine angefanyaje? Angekwenda ofisini akaeleza, akatafuta hata cheti cha hospitali.

Hezroni alipanda Myamba kutafuta mashahidi.

Usimcheke haraka. Kule juu, shauri la mpaka, la zamu ya maji, la mbuzi aliyeingia shamba la mtu, linamalizwa na watu waliokuwepo. Wazee wanakaa, kila mmoja anasema alichokiona, basi. Baba yake alishinda shauri la shamba hivyo hivyo, na hadithi yake hurudiwa kila Krismasi. Hezroni akasema na mimi nitashinda hivyo.

Akapata wazee wanne, kiongozi wao Mzee Elinaza, mtu mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Akawaambia, "Semeni mlichokiona tu. Mwaka jana sikuwa na kitu."

"Hilo tutalisema hata mbele ya Rais," akajibu Mzee Elinaza.

Asubuhi ya safari, Noah imeshawashwa, wakamwona mama mkwe wake anateremka njia ya shambani. Mama Koleta. Amevaa kitenge cha umoja wa wanawake, mkoba kwapani, viatu vya Jumapili.

"Shikamoo mama," Hezroni akasema akitazama chini.

"Marahaba baba. Na mimi naenda."

Kwetu mkwe ni mkwe. Hukai naye kiti kimoja, humkatizi akiongea, na huthubutu kumuuliza unafuata nini. Gari lilikuwa limejaa. Hezroni akampisha kiti, akajikunja kwenye buti juu ya mikungu ya ndizi, akapigwa na kila kona ya mlima mpaka Same.

Ndiyo maana ulimwona anatokea kwenye buti.

Ndani walipokelewa na binti mmoja, afisa, Doreen. Akainuka kwenye kiti.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba mama," wakaitikia kwa pamoja kama kanisani.

Hezroni akaeleza shida yake. Doreen akamsikiliza mpaka mwisho, bila dharau, halafu akauliza, "Kumbukumbu zako za mauzo ziko wapi kaka?"

"Hizi hapa." Akaonyesha benchi. "Zimekaa."

Doreen akaziba mdomo kwa kiganja. Akajikaza, akasema haya, nitawasikiliza.

Mzee Elinaza akasimama, akakohoa, akaeleza kibanda kilivyofungwa na Koleta alivyouguzwa. Akasema vizuri mno. Wa pili na wa tatu wakaunga mkono, na Hezroni akaanza kuona leseni yake hii hapa.

"Kwa hiyo ukiniuliza mimi," Mzee Elinaza akamalizia, "huyu kijana ni fukara."

Mama Koleta akasimama.

"Fukara nani?"

Mzee Elinaza akakaa.

"Nauliza, fukara ni nani hapa? Nilisikia juzi njiani kwamba mnakuja kumtukana mkwe wangu mbele ya serikali, nikasema sitaki kuamini. Ndiyo maana nimekuja." Akamgeukia Doreen. "Mwanangu, usiwasikilize hawa. Wana wivu. Mwanangu Koleta hakuolewa na fukara."

"Mama..." Hezroni akaanza, akaishia hapo. Anamkatizaje mkwe?

"Huyu ana lori la Fuso," mama akaendelea. "Ile ya bluu inayopakia Myamba kila Alhamisi. Koleta alipolazwa Moshi nililia, nikamuuliza huyu mtakula nini, akaniambia mama usihofu, Fuso inafanya kazi hata nikiwa nimelala. Amenipa simtanki la maji, lita elfu moja! Mwinjilisti alikuja kuliombea, watu wakala wali. Fukara ananunua simtanki?"

Wazee wakatazama sakafu. Doreen akachukua kalamu.

"Fuso hii imesajiliwa kwa jina lako kaka Hezroni?"

Sasa niambie, ungekuwa wewe ungejibu nini?

Maana ile Fuso ni ya Nickson, jamaa anayebeba mizigo ya watu kati ya Myamba na Same. Hezroni huwa anapewa posho kidogo kuisimamia ikipakia. Siku moja mama mkwe alimkuta kaegemea mlango wa dereva anatoa amri, akamsifia gari zuri, naye akasema asante mama. Asante tu! Akaona haya kurudi nyuma, ndipo uongo ukaanza kulishwa na kunenepa. Na simtanki alilichukua kwa mkopo, anaulipa mpaka leo, ili uongo usionekane.

Aliniambia alitamani sakafu ipasuke. Akinyamaza, anakadiriwa na Fuso isiyo yake, na kibanda kinaondoka. Akisema, anasema mbele ya mkwe na wazee wanne, maana yake kijiji kizima.

Akapiga hatua moja kuelekea kwa Doreen.

"Si yangu," akasema.

"Sijasikia kaka."

"Fuso si yangu. Ni ya Nickson. Mimi napakia tu." Hakugeuka kumtazama mama. "Na simtanki ni la mkopo. Nilimdanganya mama yangu."

Mama Koleta alikaa polepole, akaweka mkoba mapajani, akaushika kwa mikono miwili.

Doreen akaacha kuandika.

"Kaka, mimi nakuamini," akasema kwa sauti ya chini. "Ila sina pa kuandika kwamba nimekuamini. Mfanyabiashara mdogo kama wewe akiwa hana kumbukumbu, anawekwa kwenye kiwango cha jumla cha kundi lake. Akiwa nazo, analipa kwa kile alichouza kweli, na inakuwa kidogo. Na mauzo ya mwaka mzima yasipofika milioni nne, halipi kodi ya mapato hata shilingi. Hiyo nafuu ipo kwa ajili ya watu waliopata mwaka kama wako. Uliuza magunia mangapi?"

Akamtajia. Doreen akapiga kwenye kikokotoo, akarudia tena.

"Hayafiki."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ulikuwa hudaiwi kitu. Niletee ushahidi. Risiti za mauzo?"

Aliwashia jiko.

"Miamala ya simu?"

Anauza kwa pesa mkononi tu, ndio msimamo wake.

"Basi, za geti la ushuru. Kila gunia lililoshuka lina risiti yake. Hizo tu zingetosha kunionyesha ni machache."

Hezroni akainamisha kichwa. Wazee wote walijua zile bodaboda zinapita wapi. Mmoja wao ndiye mwenye shamba linalokatizwa.

Cheti cha hospitali kingesaidia kueleza, Doreen akasema, lakini hakiwezi kusema ameuza nini. Makadirio yakabaki vilevile. Hezroni akatoka pale na deni ambalo hakustahili kudaiwa, pamoja na gharama ya Noah, kwenda na kurudi.

Nje akaagiza chakula cha wageni wake kwa mama ntilie. Mama Koleta hakukaa mezani. Wala hakusema naye. Alimwambia Mzee Elinaza, Hezroni akiwa amesimama hapo hapo, "Mwambieni nimeshiba."

Alikuwa hajala tangu alfajiri.

Noah ikaondoka. Safari hii buti lilikuwa na ndizi tu. Hezroni alibaki Same, akaja akakaa kwenye kigoda changu, akaniambia, "Dada, ningelipa mara mbili nisisikie lile neno nimeshiba."

Wiki iliyofuata nikiwa nakata kitambaa nikasikia honi. Fuso ya bluu ikapinda kuingia sokoni, nikaona kitu cheusi kikubwa kimefungwa kamba juu. Watu wakaanza kutoka vibandani.

Simtanki.

Nickson akaruka chini. "Hezroni! Njoo upokee mzigo wako!"

Hezroni akatoka, amepauka. Alikuwa anaona aibu hata kuigusa ile Fuso.

"Mama Koleta kasema uliuze, ulipe kodi, kibanda kisiondoke," Nickson akamwambia. Alijaribu kunong'ona, lakini Nickson hajui kunong'ona. "Kasema mjukuu wake hawezi kulala njaa kwa sababu bibi anataka maji ya bomba."

Akatoa vikaratasi viwili mfukoni. Kimoja cha nauli ya mzigo alichokiandika mwenyewe, kingine cha mashine ya getini.

"Huyu mama ni hatari. Simtanki halina ushuru, nikamwambia getini napita bure. Akakataa! Kapakia gunia moja la tangawizi lake mwenyewe, kanipa na pesa ya ushuru ili nipewe hiyo ya mashine. Kasema nikupe mkononi, na uanzie na hizi."

Hezroni akavipokea. Akaingia kibandani, akafunga mlango nusu, na sisi wote tukajifanya tuna kazi.

Simtanki aliliuza. Kodi akalipa, leseni ikatoka, muuza mitumba akatafuta pengine. Siku hizi Nickson ndiye anayemnunulia magunia huko juu na kumshushia, yanapita getini, na kopo la siagi lina mfuniko ambao Koleta peke yake anaruhusiwa kuufungua. Chai anachemshia gesi.

Sasa wewe unayesoma na kucheka, nenda kaangalie mfuko wako wa suruali. Ile risiti uliyoikunja ukaitupa, yule fundi uliyemlipa bila kuandika, yale mauzo unayoyaweka kichwani. Siku mwaka wako ukiwa mbaya, utakuwa na ukweli wote mdomoni na huna cha kuuthibitishia. Na ukishazoea kumficha mtu wa kodi, utajikuta umeshamficha na mama mkwe.

Jana Koleta aliniambia mama yake ameanza tena kubeba ndoo kutoka kisimani, kiuno kile kile kinachomsumbua. Hezroni alikuwa anafunga gunia, akasikia. Anamwekea pesa ya simtanki jingine kidogo kidogo, na kila anachoweka anaandika.

Kodi alishalipa. Myamba hajaweza kupanda mpaka leo.