Kipimo Alichokitaka Mama

Wiki hii, kwenye dirisha la maabara mjini Moshi, mama mmoja wa Mwika alimsogeza bintiye mbele.

“Mpimeni damu. Haongei, hali chakula. Kaka yake alianza hivihivi, akajiua. Nataka kujua kama na huyu atajiua.”

Mpimaji aliweka kalamu chini. “Pole, mama. Kipimo hicho wataalamu bado wanakitafuta. Daktari atamsikiliza. Wewe umemuuliza mwenyewe?”

“Nitaanzaje?”

Binti alikuwa ameshakunja mkono wa sweta. “Uliza tu, mama,” alisema. “Nimekusubiri tangu tulipomzika kaka.”

Mama aliushika mkono ule uliongoja sindano, akamuuliza palepale dirishani. Foleni za Moshi hazina subira. Siku hiyo hakuna aliyewaambia wasogee.