Alijinyima kula apungue, mzigo ukabaki ukining'inia juu ya watu

Asubuhi ndiyo kwanza inafunguka, na mwanamke mwenye kofia ngumu ya njano anapanda ngazi ya chuma ndani ya mnara wa winchi. Hana haraka. Kila akifika kwenye jukwaa dogo la kupumzikia, anasimama, anaweka kiganja kifuani na kusikiliza. Moyo ukienda mbio, anasubiri. Ukitulia, anashika ngazi tena.

Chini, wenzake wanachanganya zege na kutaniana. Zamani walikuwa wakimpigia kelele, "Mama Winchi, panda bwana, jua linatuunguza!" Siku hizi wanamwangalia kimya mpaka afunge mlango wa kibanda cha vioo kule juu.

"Mgeni akiniona atadhani nina maringo," anasema huku akicheka, kisha kicheko kinakatika. "Ni woga. Nauogopa mwili wangu mwenyewe. Ulishanitupa mkono mara moja, nikiwa hukohuko juu."

Mama Winchi ana miaka arobaini na minne na mabinti wawili. Kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akiendesha mitambo hii mirefu inayonyanyua nondo, matofali na zege kwenye majengo ya ghorofa. Ni kazi ya kukaa kitako kutwa nzima, mikono kwenye vishikio, macho chini. Chakula cha mchana kilikuwa soda na biskuti, kwa sababu havihitaji kijiko wala meza.

"Unene ulinijia kimyakimya," anasimulia. "Niliujua siku mkanda wa usalama ulipogoma kufunga. Nikasingizia mkanda."

Hakutishika sana mpaka dada yake mkubwa alipoanguka uani akianika nguo. Kiharusi. Alifikishwa hospitali akiwa hajitambui, na hakuamka tena.

Msibani, shangazi yao alimkumbatia, akamtazama juu hadi chini, akamwambia polepole, "Na wewe mwanangu, jiangalie. Mmefanana mno."

Maneno hayo yalimganda. Usiku akilala anasikiliza mapigo ya moyo, asubuhi akijitazama kwenye kioo anamwona marehemu. Akaenda zahanati. Muuguzi akampima, akamwambia presha iko juu na kilo tisini na sita ni nyingi kwa kimo chake. "Punguza uzito, mama," alisema, akaita mgonjwa mwingine.

Namna ya kupunguza hakuambiwa, naye akafanya kama anavyofanya mtu aliyeingiwa na hofu: akakata kila kitu kwa mpigo. Asubuhi chai ya rangi isiyo na sukari, mchana maji, jioni tango. Akitoka kazini anakimbia mpaka miguu inawaka, akifika nyumbani anaruka kamba.

Kilo zikaanza kuporomoka, nguo zikamlegea, na majirani wakamwagia sifa.

"Sifa ndizo zilizoniharibu kabisa," anasema. "Ukishaambiwa umependeza, unaona hata tango ni kula sana."

Binti yake mkubwa peke yake hakusifu. Jioni moja alimuuliza, "Mama, mbona mikono inakutetemeka?"

"Baridi tu," alimjibu.

"Baridi gani, na sisi tumefungua madirisha yote?"

Alimwambia akaoshe vyombo.

Siku ya siku ilikuwa mchana mkavu usio na upepo. Mama Winchi alikuwa akiteremsha furushi la nondo kwenye ghorofa inayojengwa. Chini alikuwapo mwelekezaji wake, mwanamume wa makamo ambaye wenzake humwita Mikono kwa jinsi anavyoongoza mzigo kwa ishara. Siku hiyo alikuwa na redio ya mkononi.

"Taratibu, mama. Taratibu hivyohivyo," Mikono alisema. "Kushoto kidogo. Mama? Mama Winchi, mbona umenyamaza?"

Alimsikia, lakini kwa mbali, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Jasho la baridi lilimtoka. Vioo vya kibanda vikaanza kuwa vyeusi pembeni, weusi ukaja ukimsogelea. Alichokumbuka ni kimoja tu: kuachia vishikio, maana ukiviachia, winchi inasimama.

Winchi ikasimama. Furushi la nondo likabaki hewani, likiyumba juu ya mafundi waliokuwa wakijenga ukuta.

"Tokeni! Tokeni wote hapo!" Mikono alipiga kelele. Watu wakatupa ndoo na kutimua mbio.

Alipozinduka, paji lake la uso lilikuwa limegota kwenye kioo. Aliona nondo, akaona mahali walipokuwa wale mafundi, na kwa sekunde chache hakujua kama walikuwa wamekimbia au wamelala chini ya nondo hizo.

"Nililia kama mtoto," anasema. "Nikabonyeza redio, nikauliza: Nimeua?"

"Hujaua mtu," Mikono alimjibu. "Wote wazima, nawaona hapa. Usiguse chochote. Umekula leo?"

Alipapasa sakafuni.

"Nakuuliza, dada yangu. Umekula?"

Chini ya kiti kulikuwa na pakiti ya biskuti iliyosahaulika tangu enzi zile. Akala huku machozi yakimtiririka, na Mikono akiendelea kumwongelesha mpaka dereva mwingine alipopanda, akateremsha mzigo, kisha akamsindikiza kushuka akiwa amefungwa kamba kiunoni.

Msimamizi alimuuliza kilichotokea. Angeweza kusema ni jua, na wangemwamini. Lakini mmoja wa mafundi alikuwa amesimama pale akiwa bado ameshika mwiko. Akasema kweli yote.

Akaondolewa juu na kupelekwa stoo kwa miezi mitatu, mshahara ukapungua karibu nusu, na akatakiwa apeleke idhini ya daktari kabla ya kupanda tena. Hospitalini alikutanishwa na mtaalamu wa lishe, mama mmoja mpole anayeongea kama yuko jikoni kwake.

"Kalori ni ile nguvu tunayoipata kwenye chakula," alimwelewesha. "Ukila pungufu kidogo ya unachotumia, uzito unashuka. Ila wewe unakula kiduchu halafu unakimbia kama unayefukuzwa. Mwili utaupa nini uendelee? Hebu niambie, nani anakufukuza?"

Mama Winchi alitazama mlango uliokuwa wazi. "Nikamwambia: Dada yangu," anasema.

Yule mama alifunga mlango, akamwacha alie mpaka aridhike. Ndipo wakaanza upya. Asubuhi ale cha kumshibisha, yai au maharage pamoja na tunda. Mchana nusu ya sahani iwe mboga, wali kiasi, na kipande cha samaki au kuku. Soda aiage. Badala ya kukimbia, atembee kwa kasi jioni mpaka apumue kwa nguvu lakini bado aweze kuongea, na zipo siku za kupumzika. Dawa ya presha aliyoandikiwa hapo hospitalini asiiruke. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha, aliambiwa, na wiki nyingine mzani hautasogea kabisa.

Hizo wiki za mzani kugoma ndizo zinazomtesa. "Nikishiba naogopa kunenepa. Nikisikia njaa naogopa kuzimia," anasema. "Kuna siku nakaa mbele ya sahani, binti yangu ananiambia, mama, chakula hakiumi."

Sasa, akiwa na idhini ya daktari, amerudi kwenye winchi. Mikono hampi ishara ya kwanza ya siku mpaka amuulize kwenye redio kama amekula, na mafundi wote humsikia akijibu. Jioni, wawili hao hutembea pamoja hadi njia panda. Mikono naye ameanza kuhangaikia kitambi chake.

Wiki ijayo atapimwa tena presha na uzito. Safari iliyopita vyote vilikuwa vimeshuka kidogo. Anakiri kwamba mara mbili amejikuta akitaka kuruka chakula cha mchana ili mzani umpendelee.

"Wakiniambia nimepungua, nitashukuru," anasema akivaa glavu zake. "Wakiniambia nimeongezeka, nitaogopa, siwezi kukudanganya. Lakini nitatoka pale, nitatafuta mahali nikae, na nitakula mchana wangu."