Nafasi ya Eugene Barabarani

Breege Gilhooly aliujua mgongo wa mumewe kuliko wanawake wengi wanavyozijua nyuso za waume zao. Kila mwezi wa sita, miaka nenda miaka rudi, aliendesha gari nyuma ya baiskeli sita, polepole, taa za tahadhari zikipepesa, kutoka Mizen iliyo ncha ya kusini ya Ireland hadi Malin iliyo ncha ya kaskazini. Mbele yake palikuwa na migongo sita, miwili miwili, na ule wa Eugene ulikuwa wa katikati, upande wa kushoto, bega moja limeinama kidogo kama la mtu anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Akichoka, lile bega lilishuka zaidi. Hapo Breege alipiga honi mara moja, na wanaume wote wakajua ni saa ya chai.

Hakuzaliwa mtu wa barabara. Alizaliwa kwenye shamba la tope karibu na Kinlough, kaunti ya Leitrim, akaacha shule mapema ili amuuguze mama yake, kisha akapika miaka mingi katika jiko la shule ya parokia. Watoto wa watu aliwalisha kama wake. Wake mwenyewe hakujaliwa, na hilo yeye na Eugene waliliweka mikononi mwa Mungu, hawakulizungumza tena. Eugene alikuwa fundi bomba. Safari za baiskeli zilianza mama wa rafiki yake Jarlath alipofia katika nyumba ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Jarlath aliona jinsi masista walivyomwosha na kumgeuza kama yai, akarudi kwa rafiki zake akasema, "Jamani, tufanye kitu." Kitu walichokijua wote ni kupanda baiskeli. Basi wakapanda, na watu wa parokia wakaichangia nyumba ile.

Majira ya baridi yaliyopita Eugene mwenyewe aliingia katika nyumba ile, na saratani ya kongosho. "Sista," alimwambia muuguzi siku ya kwanza, "kitanda hiki nimekilipia kwa makalio yangu, nilaze kwa adabu." Walicheka wote, hata Breege. Siku za mwisho alikuwa hacheki tena. Malachy Flynn, rafiki yake tangu utotoni, mpeleka barua mstaafu, aliketi hapo kandokando ya kitanda na kofia yake mapajani.

"Mwezi wa sita ukifika," Eugene akamwambia, "ufike Malin. Usije ukanifanya mimi kisingizio."

"Nitafika."

"Apa."

"Mimi na wewe tuape kama watoto? Nimesema nitafika, bwana."

Eugene alikufa mwezi wa pili, theluji ikiwa bado milimani. Breege alimzika vizuri, akalisha waombolezaji, akahudhuria Misa ya mwezi mmoja. Kila usiku alisali Rozari kama alivyofundishwa na mama yake. Ila kulikuwa na sala moja iliyomshinda: ile fupi ya kumwombea marehemu raha ya milele. Kwa mama yake aliisema, kwa mama wa Jarlath aliisema, na kwa marehemu wote wa parokia. Akifika kwa Eugene, ulimi ulikuwa mzito kama jiwe. Maana kuisema ni kukubali, na yeye alikuwa hajakubali.

Mwezi wa sita ukafika. Pale Mizen padre alinyunyizia baiskeli maji ya baraka, wanaume wakapanda, na Breege akawasha gari. Ndipo alipoona walivyojipanga. Mbele walikaa ndugu wawili wa ukoo wa Keaney. Nyuma walikaa Jarlath na mwalimu Ultan. Katikati alikaa Malachy, upande wake wa kulia kama siku zote, na kushoto kwake hapakuwa na mtu. Waliacha mahali patupu, urefu wa baiskeli moja. Hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake. Ilitokea tu, kama watu wanavyokwepa kuketi kwenye kiti cha marehemu.

Waendeshaji wa safari ndefu hushikamana hivyo kwa sababu ya upepo. Wa mbele huukata, wa nyuma hupumua, na wa upande wa bahari humkinga mwenzake. Kwa anayekwenda kaskazini, bahari iko kushoto, na upepo wa Ireland hutoka baharini. Eugene alikuwa amemkinga Malachy miaka yote, kwa kuwa Malachy ndiye mkubwa wao na kifua chake kilikuwa kibovu tangu utotoni. Sasa upepo ulipita katika ile nafasi tupu ukampiga Malachy ubavuni, Kerry nzima, Limerick nzima, mpaka Galway.

Jioni moja, katika nyumba ya wageni, walikuwa mezani.

"Malachy, hiyo chai unakunywa au unaubatizia mkate?" Jarlath akauliza, kwani kikombe kilitetemeka mkononi mwa mzee hata chai ikamwagika.

"Nyamaza wewe. Ukipanda kilima hata kondoo hugeuza uso kwa aibu."

"Heri yao kondoo, hawautazami mgongo wako kutwa nzima kama mimi."

Wakacheka. Breege akafuta meza, akasema kwa upole, "Kesho kaa nyuma kabisa, shemeji. Upepo unakutesa."

Malachy akaangalia sahani yake. "Niko sawa pale nilipo, shemeji. Pale ni pangu." Akasukuma kikombe kando. "Na pake."

Ultan akageukia dirisha, akasema mvua inakuja, ingawa kila mtu aliiona imeshakuja.

Breege alikwenda kulala akijiambia: wanamhitaji pale, mimi ni nani niwanyang'anye rafiki yao? Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba hata yeye aliishi kwa ile nafasi. Kutwa nzima macho yake yalikuwa hapo, na kwenye kona fulani, mwanga ukiangukia lami yenye maji, aliliona lile bega limeinama. Nani angejitolea kuyapoteza hayo?

Walipoiacha Sligo nyuma, upepo ulikuwa umekaza. Jarlath alirudi nyuma hadi dirishani kwa Breege akapiga kelele, "Shemeji, usipepese macho! Bahari ya Leitrim inakuja, ukipepesa tu imepita!" Ni kweli, kaunti yao ina kipande cha pwani kifupi kuliko cha kaunti yoyote yenye bahari, na wenyewe ndio huwa wa kwanza kukicheka. Pale Tullaghan watu wa parokia walikuwa wamesimama kando ya barabara na ndoo za michango, Attracta mtunza vyombo vya kanisa akiwa mbele yao na mwavuli uliopinduka. Ndugu wa Keaney walipopita, watu walishangilia. Ilipofika ile nafasi tupu, kelele zilikoma. Wanaume walivua kofia. Wanawake walifanya ishara ya msalaba.

Breege akaona fahari kifuani. Halafu akaona kitu kingine: watu wote walikuwa wanaangalia mahali patupu, na hakuna hata mmoja aliyemwangalia Malachy, ambaye midomo yake ilikuwa ya bluu.

Nyumba ya mwisho ikapita, na ukuta wake uliokuwa unazuia bahari ukaisha. Upepo ukaja kama mlango uliosukumwa kwa teke. Baiskeli ya Malachy ikarushwa kulia, katikati ya barabara, na lori lilikuwa linakuja. Dereva akapiga honi, akakata usukani, akapita kwa unywele. Malachy akaanguka upande wa pili wa barabara, kwenye majani.

Breege hakukumbuka baadaye alivyotoka garini. Alimkuta mzee ameketi, goti linavuja damu, pumzi inakwaruza kama msumeno.

"Tumwingize garini," Ultan akasema.

"Nisiingizwe!" Malachy akamshika Breege mkono. "Nikiingia humo, shemeji, sitatoka tena. Najijua. Na yule nilimwambia nitafika."

"Basi tuishie hapa sote," Ultan akasema. "Tuko nyumbani. Hakuna aibu."

Breege akatazama baiskeli, ambazo wanaume walikuwa wameziegemeza kwenye ukuta wa mawe kwa haraka ya ajali. Hata hapo, katika hofu yote ile, walikuwa wamezipanga kwa mpangilio uleule, na baina yao wakaacha pa Eugene.

Alikwenda akaishika baiskeli ya Jarlath, akaisukuma mpaka ikaingia pale palipokuwa wazi.

"Shemeji," Jarlath akasema taratibu, "hapo ni pa..."

"Napajua ni pa nani. Ni pa mume wangu."

"Tulidhani utaumia ukiona pamezibwa."

"Nitaumia, ndiyo." Akaichukua na ya Ultan, akaisogeza kando ya ile ya kwanza. Mikono yake ilikuwa baridi. "Lakini Eugene alimkinga mzee huyu maisha yake yote. Mnadhani anafurahi huko aliko, akiona nafasi yake ndiyo inayompiga?"

Jarlath akapiga magoti kwenye majani. Akamwinua Malachy, akamfuta majani mgongoni. "Haya, mzee. Kaa nyuma yangu. Mimi ni mpana, angalau unene wangu upate kazi."

"Umechelewa kuutumia," Malachy akasema.

Wakaondoka. Wawili mbele, wawili nyuma yao, na Malachy peke yake mkiani, amejikinga na upepo, karibu kabisa na gari. Breege aliangalia pale katikati, akaona migongo ya Jarlath na Ultan. Akasubiri kona, akasubiri mwanga juu ya lami. Halikuja bega. Akalia kwa sauti, vioo vimefungwa, mji mzima wa Bundoran, watu wakimpungia mkono naye akiwapungia huku machozi yanamshuka. Rozari ilining'inia kwenye kioo. Hakuigusa. Alifumbua kinywa tu, akaisema ile sala fupi, kwa jina, Eugene, yote hadi mwisho. Haikumwondolea uchungu. Lakini ilitoka.

Alipojifuta macho aliona mgongo uliokuwa mbele yake: mwembamba, shati limechomoka upande mmoja. Katika miaka yote hakuwahi kuutazama. Malachy akichoka, akagundua, haangushi bega. Hushusha kichwa, kidogo kidogo, kama mtu anayesinzia kanisani. Kichwa kilipofika chini, Breege akapiga honi mara moja.

Malin walifika Jumamosi mchana, katika mvua. Kilima cha mwisho kilimshinda Malachy. Alishuka akaisukuma baiskeli.

"Baiskeli hupandwa, mzee, haitembezwi kama ng'ombe wa mnada!" Jarlath akamwita kutoka juu.

"Aliniambia nifike. Hakuniambia kwa namna gani."

Breege alikuwa amesimama karibu na mnara wa zamani, chupa ya chai kwapani, kitambaa cha kichwa kimelowa. Malachy akaja mpaka mbele yake, akaegemea usukani, akahema.

"Nimefika, shemeji."

"Najua," akasema, akimmiminia. "Nimekuangalia njia nzima."