Kamba ya Njano Kwenye Harusi ya Koku

Jamani, hii habari nimewaficha wenzangu wa kazini mpaka leo, na kama si kwamba kijiji chetu cha Kanoni kizima kinaijua, na watoto wakiniona njiani wananyoosha mkono juu na kuigiza mtu anayevuta kamba, ningeendelea kuificha. Aibu niliyoipata siku ya harusi ya mdogo wangu Koku, nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu chumbani bado najifunika uso. Lakini nikishamaliza kujifunika huwa najikuta nashukuru, na ndiyo maana nawasimulia.

Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda kikubwa cha magari, nje ya nchi (jina la kampuni tuliache, bado nahitaji mshahara). Kazi yangu ni magurudumu ya nyuma. Magari yanapita mbele yako polepole, moja baada ya jingine, na juu ya kichwa chako, mkono wa kulia, inaning'inia kamba ya njano. Ukiona kasoro yoyote, hata nati moja imekaa upande, unavuta kamba mara moja, unaachia, unasubiri, na msimamizi asipotokea unavuta tena. Akitokea anakuja mbio, na neno lake la kwanza ni "Asante", hata kama umevuta bure. Hakuna anayeuliza nani kakosea. Wanauliza kwa nini, halafu kwa nini tena, mara tano, mpaka mzizi wa tatizo uonekane. Mwanzoni niliona wananitega (nimekulia mahali ambapo ukivunja chungu unakimbilia kwa bibi kujificha), lakini miaka ilivyokwenda mkono wangu ukaizoea ile kamba hadi ukawa hauniulizi mimi mwenyewe.

Basi nikaja likizo kwa ajili ya harusi, najiona mimi ndiye niliyeleta utaratibu duniani. Hakuna aliyenichagua, ila nilijipa uenyekiti wa kamati, na kila asubuhi nikawa nawapanga watu uani tufanye kikao cha kusimama, kila mmoja ataje kasoro za jana. Siku moja nikamgeukia Shangazi Adventina, mpishi wetu mkuu.

"Shangazi, kwa nini ndizi hazijaiva?"

"Moto mdogo."

"Kwa nini moto mdogo?"

"Kuni hazijaja."

"Kwa nini hazijaja?"

"Waitu, jamani, wa kuzileta si umewasimamisha hapa!"

Sikufika kwenye ya nne.

Lakini katikati ya vituko vyangu vyote kulikuwa na jambo moja lililotukaa rohoni, nalo ni Baba Mkubwa Elieza. Baba yetu alipofariki tukiwa wadogo, yeye ndiye aliyetuchukua pamoja na mama yetu, na kahawa ya kibanja chake (shamba la nyumbani) ndiyo iliyotusomesha, mimi na Koku. Ndiye aliyetakiwa kumshika Koku mkono na kumpeleka madhabahuni. Mwaka huo ugonjwa ukamlaza, miguu ikavimba, akawa hatoki kitandani. Koku akasema basi harusi isubiri. Mzee akakataa katakata.

"Hamtanibeba kama mkungu wa ndizi mbele ya wakwe," alisema. "Kengele ya harusi ikilia nitaisikia hapa hapa kitandani, inanitosha."

Koku alilia sana, lakini neno la Baba Mkubwa halipingwi. Tukakubali, ingawa kila simu ilipoita tulikuwa tunashtuka.

Siku yenyewe nikajipanga barazani pa kanisa kupokea magari, nimevaa suti ya kuazima inayonibana kwapani. Wakwe walikuwa wameshafika kutoka Bugomora, kule Kyerwa, wamewahi kabisa, na Mama Mkubwa, mke wa mzee, alikuwa ameshakaa kiti cha mbele baada ya kumwacha mumewe amelala. Mara ikaja pikapu ya jirani yetu Byera imembeba bibi harusi, imepambwa maputo na utepe. Mimi badala ya kumtazama dada yangu nikatazama gurudumu la nyuma (jicho la kazi halina likizo), nikaliona linacheza. Linacheza kabisa! Mkono ukapanda wenyewe, juu, kulia, na kweli ukaikuta kamba, tena ya njano.

Kumbe kamba ya katani ya kengele ya kanisa ilikatika mwezi uliopita, wazee wa kanisa wakafunga ya manila iliyopatikana dukani. Nikavuta mara moja. Nikaachia. Nikasubiri. Msimamizi hakutokea, nikavuta tena.

Sasa kwetu kengele ya ibada hupigwa mfululizo, na ya harusi hupigwa kwa fujo ya furaha mpaka mbwa wanabweka. Kengele ya moja, kimya, halafu moja tena, hiyo ni ya msiba tu. Ikilia hiyo, mtu anaacha jembe shambani, anabeba kuni au mkungu wa ndizi, anakwenda. Na kama kuna sherehe inaahirishwa, maana huwezi kupiga vigelegele wakati jirani yako analia.

Mama Mkubwa akainuka kwenye kiti akapiga ukunga, "Elieza wangu! Nimemwacha peke yake!" akaanguka chini. Kanisa zima likaitikia kwa kilio. Nikapaza sauti, "Si msiba! Ni gurudumu!" lakini nani atasikiliza habari za gurudumu. Koku akaruka kutoka kwenye pikapu, akavua viatu, akakusanya gauni mikononi na kuteremka mbio kuelekea nyumbani, watu wote nyuma yake. Mimi kwa akili zangu nikaona dawa ni kupiga kengele tena ili warudi, nikaipiga, nao wa kilima cha pili ambao hawakuisikia mwanzo sasa wakaisikia vizuri. Nikageuka nikamwona mshenga wa Bugomora amevua kofia, anawaambia watu wake wapande magari. "Poleni sana," akaniambia. "Harusi tutaipangia siku nyingine." Nikatimua mbio kuwafuata wengine.

Niliwakuta wamesimama katikati ya migomba. Mbele yao, ameshikilia mgomba kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine, kiatu mguu huu na kandambili mguu ule, koti kalifunga vifungo kombo, amesimama marehemu mwenyewe.

"Nani kafa?" Baba Mkubwa aliuliza, anahema. "Niambieni ukweli. Ni Koku?"

Koku akamkumbatia wakakaribia kuanguka wote. Mama Mkubwa alikuwa anamgusa mashavu, anamgusa masikio, analia na kucheka. Kisha mzee akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Sasa nani kapiga kengele?"

Wote wakanigeukia. Nikasogea, suti imeshachanika kwapa.

"Shikamoo, Baba Mkubwa. Ni mimi. Niliona gurudumu la pikapu linacheza."

"Gurudumu lipi?" Byera aliruka kwa hasira. "Kile ni kifuniko cha rimu, nimekifunga kwa waya tangu mwaka juzi!"

Jamani, walicheka! Wapo waliokaa chini. Mimi nikainamisha kichwa, nangoja fimbo. Baba Mkubwa akasema, "Asante, Projestus."

Nilidhani ananikejeli. Akaendelea, "Siku zote hizi nilikuwa najiambia siwezi kusimama. Nimesikia ile kengele, nimemfikiria mtoto wangu, sikumbuki hata nimeamkaje. Sasa nimeshafika hapa, mnataka nirudi kulala?"

Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema. Bodaboda mmoja alitumwa kumkimbiza mshenga, akamkuta bado hajafika mbali. Baba Mkubwa akapandishwa pikapu, kiti cha mbele, na alipofika kanisani akamshika Koku mkono wakaingia taratibu (ukiangalia hujui nani anampeleka mwenzake). Nyuma yao kanisa lilijaa watu wa shambani na matope yao miguuni, majembe yameegemezwa ukutani. Nilianza kuhofia chakula, maana wageni walikuwa wameongezeka mno, lakini wale wote walikuwa wamekuja na kuni na ndizi za msiba, wakazishusha jikoni. Jioni Shangazi Adventina akaniita kwa sauti, watu wasikie.

"Mwenyekiti! Mbona leo huniulizi kwa nini chakula kimetosha?"

Nilikuwa nimekuja kuwafundisha. Kiwandani ukivuta kamba anakuja msimamizi mmoja, na analipwa kwa kazi hiyo. Kanoni nilivuta nikaletewa vilima viwili, na hakuna aliyeninyima chakula kwa sababu nilivuta bure. Tangu siku hiyo nimeapa sitanyoosha mkono juu kabla sijaona kamba imefungwa wapi, na vikao vya kusimama naviacha huko huko vinakolipiwa.

Baba Mkubwa alifariki miezi michache baadaye, msimu wa kuchuma kahawa. Nilikuwa nimesharudi kazini, nauli na ruhusa vikanikwamisha, na kitu kilichonitesa ni kengele. Niliwaza kwamba safari hii ikilia watu watasema ni utani kama ule wa Projestus, watachelewa, na mzee wa watu atalala peke yake. Nikampigia mama simu.

"Watu walikuja?"

"Waitu, watakosaje kuja? Mpaka njia ilijaa."

"Hakuna aliyesema labda ni kama siku ile yangu?"

Nikasikia mama anafuta pua.

"Wapo waliosema," akanijibu. "Lakini walisema huku wanakimbia."