Madoa ya Jua, Dilala

Niliporudi Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi, na shahada ya fizikia, familia nzima ilijua kwamba nitavaa koti jeupe kwenye maabara ya kampuni ya shaba, kampuni iliyokula ujana wa baba. Mimi nikaenda kufundisha sekondari.

Sokoni nilipata darubini yenye jicho moja tu zima. Niliifunga kwenye kiti, nikaielekeza juani, na mwanga ukaangukia karatasi nyuma yake: duara kama sahani, ndani yake vidoa vyeusi. Wanafunzi walivichora kila asubuhi. Kuchungulia ndani ya darubini kulikuwa marufuku. Niliwaambia atakayejaribu atapofuka, na kabla hajapofuka nitamchapa.

Baba alikuja kuona.

"Mi nilichimba miaka makumi mbili juu ya weye usome, na weye uko unahesabu madoa ya jua?"

"Ndiyo, tata."

"Jua ilikuomba?"

Kisha akaja mkubwa wa vijana wa chama tawala mtaani, ndani ya abakosti, suti ya chama, iliyombana tumbo. Kila asubuhi, mbele ya bendera, tuliimba kwamba Guide, rais wetu, ndiye jua letu. Sasa alikuwa amesikia kwamba darasani kwangu jua lina uchafu.

"Citoyenne mwalimu, nani aliwekaka madoa mu jua?"

"Hakuna mutu, tata. Iko nayo yenyewe."

Akainama, akaipuliza karatasi. Akatoa kitambaa, akaifuta. Doa halikutoka. Nikamwomba asogeze karatasi mwenyewe. Doa likabaki pale pale kwenye duara la jua. Wanafunzi waliuma midomo wasicheke. Mimi sikuthubutu kucheka, maana watu walikuwa wamelala korokoroni kwa mambo madogo kuliko hayo.

Alihesabu kwa kidole, taratibu.

"Batoto balichora tano. Mi naona sita."

Kweli yalikuwa sita. Akavuta kiti kingine, akakaa mpaka kengele ikalia. Kabla ya kuondoka akaninong'oneza: "Juu ya karatasi, andika 'jua ya Ubeleji'. Ya bakoloni ikikuwa na madoa, hakuna mutu atasema kitu."

Nikaandika hivyo, bila aibu. Baada ya mwaka nilituma michoro yote kwenye kituo kimoja cha wanaastronomia Ulaya. Walijibu kwamba michoro ni safi, inajaza siku ambazo kwao mawingu yalitanda, ila hawakuelewa kwa nini jua la Ubeleji linaonekana kutoka Kolwezi. Waliniita nikajifunze utafiti kwao.

Baba aliichukua ile barua, akaenda nayo kazini mfukoni. Ilirudi na alama za grisi za vidole vya karakana nzima. "Mutoto yangu banamuita juu ya jua," aliwaambia majirani, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Darubini niliwaachia wanafunzi. Ulaya walinipa meza nzuri, kalamu mpya na darubini kubwa kuliko nyumba yetu. Mvua ikanyesha wiki mbili mfululizo.